Roboti Sumbufu Ndani ya Meli ya Mizigo: Namna ya Kuandika Hadithi ya Angani Itakayosomwa Malaba

Foleni ya malori ikikwama hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, watu husoma simu. Dereva amezima injini, tanboi, msaidizi wake, amejilaza juu ya turubai, karatasi ziko kwa wakala, kilichobaki ni kungoja. Mimi ni karani wa wakala wa forodha upande wa Uganda, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaandikia watu hawa hadithi za angani. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachotukutanisha kwenye foleni. Mteso, Muganda, Mluhya, Msomali na Mnyarwanda kila mmoja ana lugha ya mama yake, lakini habari za mizani na za sili, ile alama ya forodha inayofungiwa mlango wa mzigo, huulizana kwa Kiswahili.

Hadithi ya kwanza niliyowapa ilihusu meli ya mizigo inayopeleka roboti za ukarabati kwenye kituo cha angani. Katikati ya safari roboti moja inagoma. Dereva mmoja wa makamo alisoma mpaka hapo, akanyanyua macho.

"Imegoma kwa nini?"

Nikamwambia imegoma tu, ni roboti korofi. Akanirudishia simu.

"Mwanangu, chombo hakigomi tu. Kuna kitu kimelegea, au kimekauka, au kimeungua, au mtu amekosea kukiagiza. Kitafute, halafu uniletee hadithi."

Mwongozo huu wote umetoka kwenye maneno yale. Nitatumia mfano uleule wa meli na roboti zake mwanzo hadi mwisho, nawe uubadilishe upendavyo.

Hatua ya 1: Jaza karatasi za mzigo kabla ya sentensi ya kwanza

Chukua daftari. Andika roboti ni ngapi, kila moja ina kilo ngapi, imepakiwa ndani ya nini, nani ametuma, nani anapokea, nani atatia sahihi mzigo ukifika, na sili ina namba gani. Mimi huandika hivi: roboti 6, kilo 180 kila moja, masanduku 6 ya mbao yenye sponji ndani, betri zote katika sanduku la saba, sili moja ya kielektroniki mlangoni.

Usidhani hii ni kazi ya kikarani tu. Kila mstari wa karatasi unaweza kuzaa mgogoro. Tuchukue betri. Betri za lithiamu zikisafirishwa peke yake kwa ndege hutakiwa zisizidi asilimia 30 ya chaji, maana betri iliyojaa ikipata hitilafu huwaka vibaya zaidi. Basi weka roboti moja ambayo betri yake imebaki kifuani, imejaa pomoni, kwa sababu kijana wa ghalani aliijaribu mara ya mwisho usiku, akachoka kuifungua tena. Karatasi zinasema betri zote zimo ndani ya sanduku la saba. Nahodha anaziamini karatasi. Siku ya pili ya safari, sanduku la nne linaanza kugonga kutoka ndani.

Hapo msomaji wa Malaba hatakurudishia simu. Anamjua kijana wa ghalani.

Hatua ya 2: Chora njia yote, kuanzia karakana

Waandishi wengi huanzia angani, roketi imesharuka. Mimi nakushauri uanzie Katwe, pale Kampala, ambako mafundi huchomelea vyuma kutwa nzima na cheche zinaruka hadi barabarani. Roboti ziundwe hapo. Zipakiwe kwenye lori, zipite Jinja, Iganga na mizani ya Busitema, zivuke Malaba, ziteremke hadi Mombasa, kisha zifuate pwani mpaka Ngomeni, karibu na Malindi.

Ngomeni sikuibuni. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini pale, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Kwa hiyo anayekuambia Kiswahili hakifai angani mwambie kilishafika, tena zaidi ya miaka 50 iliyopita. Faida ya mahali pale ni ikweta. Dunia inapojizungusha, uso wake kwenye ikweta hukimbia karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huondoka ikiwa na mwendo huo mkononi. Ikweta inapita Uganda pia, pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, ila upande wetu wa mashariki kuna vijiji na mashamba, hakuna bahari ya kuangukia vipande vya roketi. Ndiyo maana mzigo wangu lazima uvuke mpaka, na ndiyo maana karani wa forodha ana nafasi katika hadithi.

Mzigo wa Uganda umeshapanda meli ya mizigo ya kweli. Tarehe 7 Novemba 2022, setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliyoundwa na wahandisi vijana wa Uganda waliokuwa wakisoma Japani, iliondoka pwani ya Virginia, Marekani, ndani ya meli ya mizigo iitwayo Cygnus. Meli hiyo ina paneli mbili za sola zinazokunjuka kama upepeo. Moja ilikataa kukunjuka. Meli ikaenda hivyohivyo kwa paneli moja, ikafika Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 9 Novemba, na tarehe 2 Desemba setilaiti yetu ikaachiliwa kutoka kituoni kwenda kuizunguka dunia. Nilipowasimulia madereva habari hii, hawakushangazwa na roketi. Walitaka kujua zaidi juu ya ile paneli moja.

Kuhusu umbali, mwambie msomaji kwa kipimo chake. Kituo kile kiko juu kiasi cha kilomita 400, na kutoka Malaba hadi Kampala na kurudi ni zaidi kidogo ya hapo. Ugumu haupo kwenye umbali, upo kwenye mwendo: kilomita kama 28,000 kwa saa, dunia nzima inazungukwa kwa dakika 90. Meli yako lazima ifikie mwendo huohuo, ndipo isogee polepole kama lori linalorudi nyuma kwenye gati.

Hatua ya 3: Ugonjwa wa roboti utoke barabarani

Hapa kaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo hadithi inaposhika au kuachia.

Mwaka 1989 Marekani ilikituma chombo kiitwacho Galileo kwenye sayari ya Mshtarii. Antena yake kubwa ilikuwa imekunjwa kama mwavuli. Aprili 1991 walipoiamuru ifunguke, baadhi ya mbavu za ule mwavuli zilinasa, na haikufunguka kamwe. Wahandisi walipochunguza, shaka yao iliangukia kwenye lori. Kabla ya kurushwa, chombo kile kilisafirishwa kwa barabara kati ya California na Florida zaidi ya mara moja, kwa kuwa safari iliahirishwa baada ya ajali ya chombo cha angani cha Challenger ya Januari 1986. Mtikisiko wa njiani uliaminika kuwa ulifuta kilainishi kikavu kwenye vipini vinavyozishika zile mbavu. Kilainishi kimeisha, chuma kimegusana na chuma, na huko pasipo hewa vyuma vitupu vikisuguana vinaweza kushikana kama vimechomelewa.

Lisome tena hilo ukiwa unafikiria barabara unayoijua. Chombo kinakwenda mamilioni ya kilomita, kinaharibiwa na lori. Chombo hicho hakikufa: watu walitumia antena ndogo, kazi ikafanyika, ila kwa mwendo wa kobe. Hadithi nyingine za angani nimezisahau, hii naikumbuka kila lori linaporuka tuta pale mbele ya dirisha langu.

Kwa hiyo mpe kila roboti sumbufu historia yake ya njiani. Roboti ya pili ilipakiwa juu ya ekseli ya nyuma, mahali trela linaporuka zaidi, na beringi ya bega lake imepoteza grisi. Kwenye majaribio Ngomeni mkono ulikwenda vizuri, kwa kuwa palikuwa na hewa na unyevu. Ombweni, yaani pasipo hewa, unasita, unatetemeka, kisha unashika bolti na kukataa kuiachia. Nahodha anaona roboti mbishi. Fundi anaona bega kavu.

Kuna visa vya kweli vya kujifunzia. Machi 2008 roboti ya ukarabati ya Kanada, Dextre, ilifikishwa kituoni na Endeavour, chombo cha angani cha Marekani. Ilipounganishwa na umeme, haikuwaka. Kosa lilikuwa kwenye nyaya za kitanda cha mzigo ilichofungiwa, roboti yenyewe ilikuwa nzima. Mkono mkubwa wa kituo ukaishika na kuipa umeme moja kwa moja, ikaamka. Roboti nyingine, Robonaut 2, ilipelekwa 2011 iwasaidie wanaanga. Mwaka 2014 ikawekewa miguu, na baada ya hapo umeme wake ukaanza kusumbua. Mwaka 2018 ilirudishwa duniani kutengenezwa. Roboti iliyopelekwa kusaidia ikapanda meli ya mizigo kurudi gereji. Mtu yeyote aliyewahi kuvutwa na breakdown kutoka Bugiri anaielewa safari hiyo.

Sababu nyingine nzuri ni joto. Injini ya lori hupozwa kwa maji na upepo. Nje ya meli hakuna upepo, na feni haina cha kupuliza. Joto huondoka kwa kung'aa tu, kama mawe ya jikoni yanayokuchoma uso kwa mbali, na huondoka polepole. Tena juani chuma hupita digrii 100, kivulini hushuka chini ya sifuri kwa zaidi ya digrii 100, na kwenye mzunguko wa dakika 90 jua huchomoza na kuzama kila mara. Roboti yenye feni ya Katwe itafanya kazi dakika kumi, izime, ipoe, iwake tena. Kwa asiyejua, inaonekana mvivu. Chagua sababu moja au mbili tu kati ya hizi. Ukizirundika zote, msomaji atasema mwenye karakana alikuwa tapeli, na hadithi yako itakuwa ya polisi.

Hatua ya 4: Uzito upotee, nguvu ya mzigo ibaki

Kosa hili huwavunja watu moyo. Angani roboti ya kilo 180 haina uzito wa kubeba, unaisogeza kwa kidole. Lakini kuisimamisha kunataka nguvu ileile iliyotumika kuisukuma, na ikija ikakubana ukutani, mbavu zinaweza kuvunjika. Kwa hiyo mikanda ya kufungia mzigo ni lazima, na mkanda uliolegea ni hatari kama ulivyo kwenye mteremko. Hata moshi hubadilika: haupandi juu, kwa kuwa hakuna juu. Unakwenda unakopelekwa na feni za hewa, na ndiyo sababu vihisi vya moshi huwekwa kwenye njia za hewa. Ndimi za moto mdogo nazo hujikunja kuwa duara. Lile sanduku la nne likianza kuungua, tanboi anaweza asione moshi wowote alipo.

Hatua ya 5: Iache lugha nayo ilete shida

Roboti zako zimefundishwa Kiswahili na mafundi. Wahudumu wa meli wanazungumza Kiswahili cha nyumbani na cha barabarani. Hapo pana hitilafu ambayo haiandikiki hivi kwa lugha nyingine, na ni mali yetu.

Tazama kipande hiki. Nahodha wangu ni mwanamke aliyeendesha trela kabla ya kuendesha meli. Tanboi humwita mama. Bomba limepasuka kiungo, na matone ya maji makubwa kama maembe yanaelea ndani ya chumba.

"Namba Tano, funga bomba!" nahodha akaita.

Roboti ikachomoa spana kiunoni. Ikajivuta hadi ukutani, ikagonga mara tatu, ikapima kwa kamba.

"Inafanya nini?"

"Inatafuta mahali pa kulifunga, mama," tanboi akasema, huku akilikwepa tone. "Imefundishwa Katwe. Kwao bomba likifungwa ndiyo limewekwa."

"Basi iambie kwa lugha yao."

"Namba Tano, ndugu yangu, kata maji!"

Roboti ikaiachia spana, spana ikabaki palepale hewani. Ikatoa msumeno.

Kipande kama hicho hakihitaji roboti mwovu. Namba Tano ni mtiifu kuliko wote melini, na utiifu wake ndio unaotisha. Tafuta maneno mengine ya namna hiyo: toa, shusha, achia, kaza. Kila moja lina kazi zaidi ya moja, na sisi huitambua kazi kwa kumtazama msemaji usoni. Roboti haitazami uso.

Saa nazo ni hazina. Tukisema saa mbili asubuhi hapa Malaba, simu inaandika 08:00. Kiganda husoma saa vivyo hivyo. Kituo cha angani hutumia saa ya kimataifa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kule ni 05:00. Fundi wa Katwe ameiandikia roboti "anza kazi saa mbili", na mtu wa programu ameingiza 02:00. Roboti inaamka saa ya kituo ikiwa 02:00, watu wote wamelala, inaanza kufungua bolti za mlango iliyotumwa kuukarabati. Kwetu hiyo ni saa kumi na moja alfajiri, na yule fundi yuko Katwe anawasha jiko la chai. Sikiliza utulivu wa pande zote mbili, halafu andika sauti ya bolti ya kwanza kupitia ukuta wa chuma. Nje hakuna hewa ya kubeba sauti, lakini ukuta unaibeba.

Hatua ya 6: Kila mtu aitwe anavyoitwa

Mkaguzi wa mzigo kituoni ni afande, hata kama hana bunduki. Dereva mkubwa ni mzee. Tanboi ni kijana, mdogo wangu, au tanboi tu, na hupewa lawama kabla ya kuulizwa. Katika meli yako tanboi ndiye atakayejua roboti ipi ina nini, kwa sababu ndiye aliyelala juu ya masanduku tangu Kampala na kuyasikia yakigonga. Mpe heshima hiyo.

Hatua ya 7: Amua msaada uko mbali kiasi gani

Meli ikiwa karibu na dunia, sauti hufika papo hapo. Ikiwa mwezini, neno huchukua sekunde 1.3 kwenda na jibu muda huohuo kurudi. Kwenye Mirihi ni kati ya dakika 3 na 22 kwenda tu, kutegemea sayari zimekaaje. Namba Tano imeshatoa msumeno. Ukimtaka fundi wa Katwe aokoe jahazi kwa simu, usiende mbali kuliko mwezi.

Hatua ya 8: Mpokeaji atie sahihi

Mwisho wa hadithi ya mzigo ni makabidhiano. Usimalizie kwa meli kulipuka, wala kwa roboti kulia machozi. Rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza, umpe mpokeaji kalamu, na umwache aandike maoni yake chini, kama tunavyoandika hapa mzigo ukifika na kasoro. Mimi niliandika hivi:

"Masanduku 7 yamepokelewa. Sili haikuguswa. Sanduku la 4 limeungua kwa ndani, roboti yake iko hai, haina mfuniko wa kifua. Namba 2 inataka grisi bega la kulia. Namba 5 isiagizwe na mtu yeyote isipokuwa tanboi, mpaka fundi afike. Tanboi amekubali kubaki."

Kisha mtafute dereva aliye kwenye foleni, umpe simu, na ukae pembeni bila kusema neno. Akinyanyua macho kabla ya mwisho, uliza amefikia mstari gani. Yule mzee wa makamo alipopita tena Malaba, alisoma hadi kwenye sahihi, akatazama trela lake, akamwita tanboi wake akague mikanda.